Jumla ni sifuri, sasa picha ya antiferomagneti inaonesha nini?

Swali lenyewe kwanza, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa tatu fizikia, nimepangiwa kuwasilisha mada ya antiferomagneti kwenye seminari ya idara. Kitabu kinasema usumaku wa jumla ni sifuri, lakini nimekuta picha ya tabaka moja la manganizi juu ya tangsteni, ina mistari myeupe na myeusi na wanasema huo ndo usumaku wenyewe. Kama jumla ni sifuri picha inaonesha nini? Myeupe ndo spini za juu na myeusi ndo za chini? Na je uso wa kitu kama hicho uko sawa na ndani au una mambo yake?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza vizuri, na hapo pa myeupe na myeusi ndo pazito kuliko unavyodhani, manake picha hiyohiyo uliyoikuta ilikuja kusomwa upya miaka saba baadae na maana yake ikabadilika. Ntakupeleka huko taratibu.

Tuanze na sifuri. Sifuri ya kitabu ni ya jumla tu, haimaanishi hakuna sumaku humo. Chukua atomu ya manganizi ndani ya oksidi yake, ina elektroni tano kwenye ganda la d ambazo hazina mwenza na zote spini zao (yaani usumaku mdogo alionao kila elektroni) zinaelekea upande mmoja, kwa hiyo atomu hiyo peke yake ni sumaku kubwa kweli, inakaribia magnetoni 5 za Bohr (ndo kipimo cha usumaku wa atomu), wakati atomu ya chuma cha kawaida ina kama 2.2 tu. Shida ni kwamba jirani yake nayo ina zilezile tano lakini zimegeukia upande wa pili, na jirani wa jirani zimerudi upande wa kwanza, hivyohivyo mpaka mwisho wa fuwele, na kitu chenye mpangilio huo wa kupokezana ndo tunaita antiferomagneti. Ukisogeza dira karibu haitikisiki hata kidogo. Louis Néel alilieleza hili miaka ya 1930 kwa nadharia, watu wakakaa muda mrefu bila ushahidi wa moja kwa moja mpaka 1949, Shull na Smart kule Oak Ridge Marekani walipopiga nyutroni kwenye oksidi ya manganizi iliyopozwa. Nyutroni ina usumaku wake kwa hiyo inatofautisha atomu iliyoelekea juu na iliyoelekea chini, wakaona kwenye nyutroni zilizotawanyika vilele vipya ambavyo kwenye joto la kawaida havipo, yaani mpangilio wa usumaku unajirudia kwa umbali mara mbili ya ule wa kikemia. Huo ndo ukawa ushahidi.

Sasa nyutroni inapenya sana, inasoma mamilioni ya matabaka kwa mpigo inakupa wastani. Ukitaka kujua tabaka la juu kabisa linafanya nini, au una tabaka moja tu la atomu kama hilo la manganizi, nyutroni haikusaidii, atomu ni chache mno.

Na uso, nikujibu swali lako la mwisho kabla ya la kwanza, hauko sawa na ndani. Inategemea umekata wapi. Fikiria ubao wa drafti: ukifuata mstari ulionyooka miraba inapokezana nyeupe nyeusi nyeupe nyeusi, ila ukifuata mshazari yote ni rangi moja. Fuwele ni hivyohivyo ila kwa pande tatu. Oksidi ya nikeli kwa mfano, ndani yake kuna matabaka ya mshazari ambayo spini zote za tabaka moja zinakubaliana na tabaka linalofuata zote zimepinga. Ukiikata sambamba na uso wa mchemraba unapata safu zinazopokezana, safu moja hivi safu nyingine vile, jumla ya uso bado sifuri. Ukiikata sambamba na mshazari ungetegemea uso wenye spini zote upande mmoja, ingawa hapo kuna kikwazo kingine kabisa, uso huo una nikeli tupu au oksijeni tupu kwa hiyo chaji hazisawaziki na atomu zinajipanga upya, sio uso tulivu wa kufanyia kazi kirahisi.

Mfano mtamu zaidi ni kromi. Hii ni metali, antiferomagneti mpaka kelvini 311, yaani kama nyuzi 38 za Selsiasi. Mchemraba wake una atomu kwenye kona na moja katikati, za kona zimeelekea huku ya katikati imeelekea kule (ndani kuna wimbi refu juu ya mpangilio huo ila kwa leo liache). Ukiikata sambamba na uso wa mchemraba tabaka la juu lote ni atomu za aina moja ya mwelekeo! Yaani uso wa antiferomagneti ambao wenyewe ni feromagneti (spini zote upande mmoja, kama sumaku ya kawaida). Na sio hivyo tu, atomu za usoni zimepoteza majirani wa juu kwa hiyo elektroni zao zinabadilika tabia, usumaku wa atomu ndani ni kama magnetoni 0.6 hivi lakini usoni hesabu zinatoa kama 2.5. Asa mbona dira bado haitikisiki? Kwa sababu uso halisi hauko sawa sawa, una ngazi ngazi za kimo cha atomu moja, na kila ukishuka ngazi moja unaingia tabaka linalofuata ambalo limeelekea kinyume. Uwanda mmoja huku, unaofuata kule. Blügel, Pescia na Dederichs waliliandika hili 1989 kabla hakuna mtu ameliona.

Aliyeliona ni Wiesendanger na wenzake 1990, na hapa naomba utulie kidogo uone jinsi lilivyofanyika kwa sababu ukielewa hili umeelewa picha zote. Hadubini ya tanelingi, ile ya Binnig na Rohrer wa IBM Zurich waliyopewa Nobel 1986, ni sindano kali inayokaribia uso bila kugusa, unaweka volti kidogo na elektroni zinapenya pengo kwa njia ya kwantamu. Mkondo huo wa umeme unashuka kama mara kumi kila ukiongeza pengo kwa nanomita 0.1, ndo maana inaona hadi atomu. Kawaida tunauambia mtambo ushike mkondo uleule muda wote, sindano ipande na kushuka yenyewe, alafu tunarekodi kimo cha sindano. Sasa sindano ikiwa na sumaku nchani, elektroni zenye spini inayokubaliana na upande wa pili zinapita kirahisi kuliko zinazopingana. Wao walitumia ncha ya oksidi ya kromi, ile CrO2 ya kanda za kaseti. Ngazi halisi ya kromi ni nanomita 0.144, kila ngazi, hakuna kubwa wala ndogo. Lakini sindano ikapima 0.16, kisha 0.12, kisha 0.16, kisha 0.12. Kwa nini? Ikiwa juu ya uwanda unaokubaliana nayo mkondo unazidi, mtambo unainua sindano kidogo ili mkondo urudi pale pale, ikiingia uwanda unaopinga mkondo unapungua sindano inashushwa. Ngazi ya kwanza inaonekana ndefu, ya pili fupi, na ukichukua wastani unarudi karibu na 0.144 ya kweli. Yaani usumaku umegeuzwa kuwa kimo. Mimi hadi leo nikifundisha hili naona ni moja ya vipimo vizuri mno kwenye fizikia ya nyuso, namba nne tu na hadithi nzima imo.

Ila hapo kila uwanda ulikuwa na mwelekeo mmoja, hawakuona atomu kwa atomu. Hiyo ilikuja 2000, ndo picha yako. Kikundi cha Hamburg, Heinze, Bode, Kubetzka na wenzao, pamoja na Blügel upande wa hesabu, walilaza tabaka moja la manganizi juu ya tangsteni. Kazi yenyewe sio ya mchezo: tangsteni inachomwa ndani ya oksijeni kidogo ili kaboni itoke, kisha inapigwa joto la zaidi ya kelvini 2000 mara kadhaa, yote ndani ya ombwe kali mno, manake ukiacha hewa kidogo tu uso unachafuka kabla hujapiga picha. Kisha manganizi inavukizwa taratibu mpaka lipatikane tabaka moja, halafu yote yanapozwa mpaka kelvini kumi na kitu.

Wakapiga kwanza kwa sindano ya tangsteni isiyo na sumaku. Zikatokea atomu, moja moja, zote sawa. Hii picha ya kwanza usiiache kwenye seminari yako, ndo inayojibu mtu atakayesema labda ni atomu za aina mbili tofauti. Kikemia ni sawa kabisa. Wakabadilisha wakaweka sindano iliyopakwa chuma, atomu zikapotea ikatokea mistari, umbali wa mstari mweupe hadi mweupe ni nanomita kama 0.45, mara mbili ya umbali wa safu hadi safu.

Wengi hapa wanauliza mbona atomu zimepotea, kwani hazipo? Zipo. Sababu ni kwamba kitu kinachojirudia kwa umbali mfupi kinafifia haraka sana unapoinuka juu ya uso, kinachojirudia kwa umbali mrefu kinafika mbali zaidi. Mpangilio wa usumaku unajirudia kwa umbali mkubwa kuliko wa kikemia (ndo antiferomagneti yenyewe hiyo), kwa hiyo pale sindano ilipo, nanomita nusu hivi juu ya uso, kinachobaki kusikika zaidi ni usumaku hata kama kwenye atomu zenyewe mchango wake ni mdogo. Kwa hiyo ule mstari sio atomu zilizoungana. Ni safu ya atomu zenye mwelekeo mmoja, na mstari mweusi ni safu jirani iliyopinga.

Sasa myeupe ndo juu? Hapana, na hapa ndo nilipotaka ufike. Kile ambacho mkondo unasoma ni pembe kati ya spini ya atomu na spini ya ncha, hasa kosaini ya pembe hiyo. Pembe sifuri mkondo mkubwa, unaona nyeupe, pembe 180 mkondo mdogo, nyeusi, na pembe 90 haioneshi chochote cha usumaku, inakuwa kama sindano haina sumaku kabisa. Geuza ncha nyuma mbele myeupe inakuwa myeusi na myeusi inakuwa myeupe na sampuli haijafanya kitu chochote. Kwenye kazi ya 2000 ncha ya chuma ilikuwa imelala sambamba na uso, kwa hiyo hata neno juu na chini halikuwepo, ilikuwa huku na huku. Picha inakupa kivuli cha spini kwenye mhimili mmoja, mhimili wa ncha, basi. Mihimili mingine miwili huijui mpaka ugeuze ncha.

Na hili ndo lililokuja kutokea. Picha ya 2000 ilikuwa eneo dogo, mistari imenyooka vizuri, kila mtu akasema hii ni antiferomagneti safi, nyuzi 180 kati ya safu na safu. Walipokuja kupiga maeneo mapana zaidi wakaona mistari inakolea, inafifia mpaka inakaribia kupotea, inakolea tena, kila nanomita 6 hivi. Hapo kuna maelezo mawili yanayowezekana na yote yanaingia akilini. La kwanza, ukubwa wa spini wenyewe unapanda na kushuka kama wimbi, pale panapofifia spini ni ndogo kweli. La pili, spini ni zilezile kwa ukubwa ila zinageuka pole pole, na pale panapofifia zimesimama nyuzi 90 na ncha. Picha moja haiwezi kukuambia ni lipi, hata ukiitazama mwaka mzima.

Walichofanya Bode na wenzake, wakaandika kwenye jarida la Nature 2007, ni kuwasha uwanja wa sumaku kutoka nje ili ncha ya chuma iinuke taratibu kutoka kulala mpaka kusimama, tesla 1 kisha 2 (tesla ni kipimo cha uwanja wa sumaku), huku wanapiga palepale juu ya atomu zilezile. Sampuli haijali uwanja huo kwa sababu jumla yake ni sifuri, ona sifuri ya kitabu chako inavyogeuka kuwa msaada hapa. Kama lile la kwanza ndo kweli, pale panapofifia pangebaki pamefifia palepale hata ugeuze ncha vipi. Lakini palihama. Ncha iliposimama kabisa pale palipokuwa pamekolea pakafifia na palipofifia pakakolea. Kwa hiyo spini zinazunguka: kati ya safu na safu pembe sio 180 ni kama 173, zile nyuzi 7 zinajumlika safu baada ya safu mpaka mzunguko mzima unakamilika kwa nanomita kama 12. Na zote zinazunguka upande mmoja, haziendi nusu kulia nusu kushoto.

Kwa nini upande mmoja? Kwa sababu ni uso. Ndani ya fuwele atomu ina majirani juu na chini sawasawa, usoni chini kuna tangsteni na juu hakuna kitu, usawa umevunjika, na tangsteni ni atomu nzito ambayo spini ya elektroni na mzunguko wake vimefungamana sana. Ukiweka hayo mawili pamoja unapata mwingiliano wa Dzyaloshinskii na Moriya ambao unazitaka spini jirani zisiwe kwenye mstari mmoja bali zipindane kidogo, na kwa upande maalumu. Ndani ya metali yenye ulinganifu nguvu hiyo inajifuta. Kwa hiyo ulivyouliza kama uso una mambo yake, jibu ndo hilo, una mambo ambayo ndani hayawezekani kabisa.

Uso unaweza hata kubadilisha jina la kitu. Chuma, ambacho kila mtu anajua ni feromagneti, ukilaza tabaka moja juu ya tangsteni iliyokatwa kwa mshazari kinabaki feromagneti, ukilaza tabaka lilelile juu ya tangsteni iliyokatwa sambamba na mchemraba kinakuwa antiferomagneti ya miraba, Kubetzka na wenzake walionesha hilo 2005. Elektroni za chuma zinachanganyika na za tangsteni iliyo chini na mchanganyiko huo ndo unaamua majirani wakubaliane au wapinge. Na manganizi hiyohiyo ukiilaza juu ya fedha yenye mpangilio wa pembetatu inashindwa kupokezana, manake ukiwa na watu watatu kila mmoja ni jirani wa mwenzake hamuwezi wote kupingana, basi zinagawana nyuzi 120 120.

Neno kuhusu ncha kwa sababu utaulizwa. Ncha ya chuma ina uwanja wake unaotoka nje na kwenye sampuli laini unaweza kuisumbua, kwa hiyo watu wengi wanapaka kromi. Yaani wanatumia antiferomagneti kusomea usumaku: jumla sifuri haisumbui mtu, ila atomu ya mwisho kabisa nchani ina mwelekeo wake na hiyo ndo inayosoma. Ubaya ni kwamba mwelekeo huo huupangi unavyotaka, unaukuta tu, na huwezi kuugeuza kwa uwanja wa nje kama ile ya chuma. Ndo maana jaribio la 2007 lilihitaji chuma.

Haya yote ni metali. Oksidi ya nikeli haipitishi umeme kwa hiyo mkondo hakuna, hapo Kaiser, Schwarz na Wiesendanger 2007 walitumia hadubini ya nguvu, ncha ina chuma, uwanja wa tesla 5 kuishika isigeuke, na wakapima nguvu ya mabadilishano (ile inayotegemea spini zinakubaliana au zinapingana) kati ya atomu ya ncha na atomu ya nikeli moja moja. Tofauti ya kimo kati ya nikeli ya huku na ya kule ilikuwa pikomita kama 1.5, atomu yenyewe ni zaidi ya mara mia ya hapo. Safu zinapokezana kama nilivyokueleza kule mwanzo.

Mtu wa idara atakuuliza inasaidia nini. Néel mwenyewe alipopokea Nobel 1970 alisema vitu hivi vinavutia sana kinadharia ila havionekani kuwa na matumizi. Lakini tayari 1956 Meiklejohn na Bean walikuwa wameona chembe za kobalti zilizofunikwa na oksidi ya kobalti zina upendeleo wa upande mmoja, antiferomagneti inaishika feromagneti iliyogusana nayo isigeuke, na baadae vichwa vya kusomea diski ngumu za kompyuta vikajengwa juu ya jambo hilo. Na hapo ndo panapotuuma sisi watu wa nyuso: ukikadiria nguvu ya kushika kwa kudhani uso umekatwa safi na spini zote upande mmoja unapata namba kubwa mno kuliko inayopimwa maabara, kwa sababu mguso halisi una ngazi na safu zinazofutana. Bila kujua atomu kwa atomu unabahatisha. 2012 kikundi cha IBM Almaden kikapanga atomu 12 za chuma, safu mbili za sita sita zinazopokezana, zikashika taarifa kwa saa kadhaa kwenye baridi kali. Kwenye joto la chumba bado, usiwaahidi watu.

Kwa slaidi zako basi: weka picha mbili bega kwa bega, ya sindano isiyo na sumaku na ya yenye sumaku, tabaka lilelile. Chini ya picha yenye mistari usiandike spini juu spini chini, andika mkondo mkubwa na mkondo mdogo na uchore mshale wa ncha umeelekea wapi. Kama nafasi inaruhusu ongeza eneo pana la nanomita 20 au zaidi ili kufifia kwa kila nanomita 6 kuonekane, na zile za tesla tofauti zipange moja juu ya nyingine kwa mahali palepale, ukichora mstari mmoja wa wima upite zote, kuhama kwa zile sehemu zilizofifia kutaonekana bila wewe kusema neno. Hesabu ya nyuzi 7 ifanye ubaoni mbele yao: 360 gawa kwa 7 ni kama safu 51, zidisha kwa nanomita 0.224 kati ya safu na safu, unapata 11.5 hivi.